Kubadilisha betri ya BMW 320i hapa Tanga: uzoefu wangu na fundi wa kuja nyumbani

Kwa wenye magari ya Ulaya hapa Tanga, nianze na hukumu yangu kabisa: kununua betri ndiyo sehemu rahisi. Anayekuokoa ni fundi mwenye mashine ya kuiambia kompyuta ya gari kwamba betri ni mpya, na huyu niliyemtumia hela yake ni halali.

Gari ni 320i ya 2010, bodi ya E90, liliagizwa kutoka Japani. Dalili zilikuja pole pole. Nikizima injini, redio nayo inazima baada ya muda mfupi. Asubuhi stata inazunguka kwa uvivu. Kwenye skrini likawa linatokea onyo, tena la Kijapani kama kawaida ya magari yetu haya, ikabidi nilipige picha ili simu inisomee. Kumbe gari lilikuwa linalalamika kwamba betri inakwisha nguvu likiwa limesimama.

Duka la kwanza, huko Ngamiani, walitaka kunifungia betri ya maji palepale. "Betri ni betri tu, bosi." Bei ilivutia. Ila iliyokuwemo ilikuwa AGM (betri iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya 80Ah, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, na kompyuta ya gari inachaji ikijua hivyo. Nilipouliza kama wana mashine ya kuiandikisha betri mpya kwenye kompyuta hiyo, wakatazamana. Nikaaga.

Fundi wangu nilielekezwa na jirani. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba kabla ya kutaja bei aliomba picha ya lebo ya betri ya zamani. AGM ya ukubwa ule hakuipata hapa mjini, ikaagizwa Dar ikaja na basi, tukaipokea stendi ya Kange. Akaipima palepale stendi: volti 12.7. Akasema ingekuwa chini ya 12.4 angeirudisha na basi hilohilo, kwa sababu betri iliyokaa dukani muda mrefu unaanza nayo ikiwa imeshachoka.

Kazi ilifanyika nyumbani Chumbageni. Betri ya E90 iko kwenye buti, upande wa kulia, nyuma ya kifuniko. Kwanza alishusha kioo cha dereva na funguo akaiweka mfukoni mwake, gari lisije likajifunga. Kisha akaunga betri ndogo ya akiba kule mbele, kwenye vituo vya kubustia chini ya boneti, ili kompyuta zisikose umeme hata kidogo. Hapa ndipo pa hatari, maana kichwa cha chanya ukikitoa kwenye betri ya zamani kinabaki na umeme. Yeye alikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli alichokata tayari, akakivisha kile kichwa mpaka kikamezwa chote, ndipo akainua betri. Kwenye hasi kuna sensa ndogo inayopima umeme unaoingia na kutoka. Aliilegeza kwa spana namba 10 na kuivuta kwa mkono, wala hakuishindilia bisibisi. Mwisho akarudisha kile kimpira chembamba cha kutoa gesi nje ya gari. Nasikia wengi hukiacha kinaning'inia, na ndani ya buti si mahali pa gesi ya betri.

Baada ya hapo ndipo mashine ikachomekwa chini ya usukani. Gari hili linakumbuka umri wa betri yake na kupanga chaji kufuatana na uchakavu. Usipoliambia kwamba betri ni mpya, litaendelea kuichaji kama ile kuukuu, na betri ya bei mbaya itakufa mapema. Kwa kuwa tuliweka 80Ah ileile ya AGM, ilitosha kuiandikisha. Ukibadilisha ukubwa au aina, inabidi na programu ibadilishwe. Nilipowasha injini, saa, redio na vioo vyote vilikuwa kama nilivyoviacha.

Shemeji yangu hakubahatika hivyo. Toyota yake ilivuliwa betri kavukavu, bila betri ya akiba, redio ikaanza kudai kadi ya SD ya ramani ambayo nadhani mpaka leo iko Yokohama.

Nililomsifu zaidi ni la mwisho. Alilifunga gari, akasubiri zaidi ya robo saa mpaka kompyuta zikalala, halafu akazungusha mita ya kubana kwenye waya. Ilisoma chini ya miliampia 50, yaani hakuna kinachonyonya betri usiku, hata treka, kile kifaa cha kufuatilia gari nilichofungiwa na bima. Wauza betri wangapi wanakupimia hilo?

Betri laki tano na nusu, kazi na mashine elfu hamsini, risiti ya mkono, garantii ya mwaka mmoja. Mwenye IST au Vitz ya zamani asiingie gharama hii, kwake spana na betri ya akiba vinatosha.

Nampa nyota nne. Aliahidi kuja saa nne asubuhi, akatokea baada ya sala ya Ijumaa, simu haipokei. Na klipu moja ya kifuniko cha buti ilivunjika wakati wa kurudisha. Nikishika barabara ya Pangani kinagonga njia nzima. Amesema ataleta nyingine, bado namsubiri.