Uzoefu wangu: Stanley, Idaho, mji mdogo mlangoni mwa pori

Kama unaishi Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, Marekani, na Waswahili tuko wengi hapa, hasa waliotoka Kongo, usiache kufika Stanley. Ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kupitia barabara namba 21, kona na misonobari karibu njia nzima. Sensa ya 2020 ilikuta watu 116 tu. Mitaa mingi haina lami. Gari likipita vumbi linatimka, kisha kimya kinarudi.

Kilichoniteka ni jinsi mji unavyoisha ghafla. Nyumba za magogo zikikoma, nyasi zinaanza, na nyuma ya nyasi imesimama milima ya Sawtooth, imechongoka, na theluji ingali imenasa kwenye nyufa mwezi Julai. Hakuna ghorofa wala bango linaloziba. Bunge la Marekani liliwekea eneo hili ulinzi mwaka 1972 na kubana ujenzi, na matunda yake unayaona kwa macho. Ndani ya pori lenyewe, kule milimani, gari ni marufuku, hata baiskeli. Unaingia kwa miguu au kwa farasi.

Ziwa Redfish liko karibu, maji maangavu mpaka unahesabu mawe ya chini. Samoni wekundu hutoka bahari ya Pasifiki, wakapanda mito kilomita 1,450 hivi, waje kutaga hapa. Mwaka 1992 alirudi mmoja tu, dume. Tangu nijue habari hiyo, ziwa lile silitazami kama mahali pa kupiga picha tu.

Usiku, toka nje. Anga hili lilitangazwa mwaka 2017 kuwa hifadhi ya kwanza ya giza la usiku Marekani. Mwanangu, aliyezaliwa mjini, aliona ukanda mweupe wa nyota kwa mara ya kwanza, akagoma kabisa kwenda kulala.

Upungufu upo. Nilikolala chumba kilikuwa kidogo, kuta nyembamba, na bei inauma ukiwa na familia. Baridi haina msimu: asubuhi ya Julai kioo cha gari kilikuwa kimeganda. Jaza mafuta na ununue chakula kabla hujaondoka Boise. Agosti, ulizia kwanza moshi wa moto wa misitu; wakati wa baridi barabara ya 21 hufungwa kwa maporomoko ya theluji. Mimi nitarudi Septemba, wageni wakishapungua, na safari hiyo nabeba hema.