La Marmotte kwa mpanda baiskeli wa nyanda za juu: uzoefu wangu

Kwa mwendesha baiskeli wa Eldoret, Iten au Kaptagat anayejiuliza kama La Marmotte, mbio za baiskeli za siku moja katika milima ya Alps, zinastahili gharama ya viza na tiketi, jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Mimi ni mfanyakazi wa ofisini, sina timu wala fundi wa kunifuata na gari. Naandika kwa sababu sisi wa nyanda za juu huenda Ulaya tukiamini hewa nyepesi tuliyoizoea ndiyo itakayotubeba. Inasaidia, ila mbio zile huamuliwa kwingine.

Mnaanzia Bourg d'Oisans, Ufaransa, kwenye mita 720 hivi. Kilele cha juu kabisa, Galibier, kina mita 2,642, na Iten iko kama mita 2,400. Kwa mapafu yetu hapo hakuna la kutisha. Linalotisha ni jumla: takriban kilomita 175, na kupanda kunakokaribia mita 5,000. Glandon kwanza, halafu Télégraphe, Galibier, na mwisho kabisa Alpe d'Huez. Kutoka bonde la Kerio hadi Iten ni kazi ya kweli, lakini ukifika juu unaagiza chai. Kule ukifika juu unashuka, kisha unaanza tena.

Muda wa kushuka Glandon hauhesabiwi. Saa husimama kileleni na kuanza tena bondeni, na huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mbio hizi, kwa kuwa mteremko ule ni mkali, mwembamba na umejaa watu. Shuka taratibu. Sisi tumezoea kukwepa mashimo, mbuzi na malori, hivyo breki zetu ni za ghafla. Kwenye lami laini yenye wenzako nyuma, breki ya ghafla inaangusha watu.

Halafu linakuja bonde la Maurienne, ambalo hakuna anayelipiga picha. Ni kilomita ishirini na kitu hadi Saint-Michel-de-Maurienne, barabara ikipanda kidogo kidogo kando ya reli na viwanda, na upepo ukikupiga usoni. Nyumbani nafanya mazoezi peke yangu, kama wengi wetu. Pale, aliye peke yake anachoma nguvu za Galibier kabla hajauona. Aliye ndani ya kundi anapumzika huku anasonga, kwa kuwa walio mbele wanamkinga na upepo. Mzee mmoja Mbelgiji alinionyesha kwa kiwiko zamu yangu ya kukaa mbele ilipofika, akanionyesha tena ilipoisha, na hatukuwa na lugha ya pamoja. Ushauri wangu: kabla ya kuvuka pale saa inapoanza tena, simama, kunywa, kula, subiri kundi la watu wa kasi yako, kisha ondokeni pamoja. Soma kanuni za mwaka wako kwanza kuhusu muda unaoruhusiwa pale.

Galibier ni mrembo. Kutoka Valloire ni kilomita 18, na baada ya daraja la Plan Lachat zile 8 za mwisho hazina huruma. Hapo ndipo niliwapita wengi, na hapo mazoea yetu ya hewa nyepesi yalinilipa. Ukishuka kupitia Lautaret na La Grave kuna mahandaki. Beba taa, mbele na nyuma.

Baiskeli nilikodi. Niliagiza kaseti, yaani seti ya gia za gurudumu la nyuma, ambayo gia yake kubwa ina meno 34 ili kupanda kuwe rahisi, na duka moja likanipa ya 28, likinihakikishia kwamba kijana mwembamba haihitaji. Nilikataa kuondoka hadi wakaibadilisha. Fanya hivyo hivyo, kwa sababu Alpe d'Huez ina kilomita 13.8 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8, na zile za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Unazifikia mchana, jua likiwa kwenye mwamba. Kona 21 zina namba zinazohesabiwa kushuka, na kila moja ina jina la mshindi wa hatua ya Tour de France iliyoishia mlimani pale. Ya 21, huko chini, ina jina la Fausto Coppi, aliyeshinda 1952. Kila chemchemi niliyoiona nilijimwagia maji kichwani, na wanakijiji walinimwagia zaidi bila kuulizwa.

Majira hayo hayo nilikwenda pia Maratona dles Dolomites, mbio nyingine za milimani huko Italia: kilomita 138, mita 4,230 za kupanda, barabara zimefungwa kwa magari. Kwa usalama na utaratibu naiweka mbele, na mpando wa Passo Giau, karibu kilomita 10 kwa asilimia 9 na zaidi, ulinitoa machozi. Tatizo kwa mtu wa huku ni kwamba nafasi nyingi hupatikana kwa bahati nasibu, na huwezi kupanga safari ya Ulaya kwa bahati nasibu. Ikikuangukia, jipange uziunganishe zote mbili: viza ya Schengen ni euro 90 na inaweza kukupa hadi siku 90, basi ada moja italipia milima yote.

La Marmotte naipa nyota 4 na nusu kati ya 5. Nusu naikata kwa ajili ya Maurienne, barabara ile ingefungwa kwa magari ningezitoa zote tano.