Mche wa mgomba wa kupanda nyumbani Dar: upi ununue, upi uache

Anayetaka mgomba wa uani Dar es Salaam karibu kila mara huanza na swali la aina: nipande Mzuzu au Kisukari? Swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni mche umetoka wapi na tunguu lake likoje, yaani lile bonge la chini ya ardhi linalotoa mizizi na machipukizi. Mgomba wenye fukusi, wale wadudu wanaotoboa tunguu, utaangukia ukuta wa jirani hata kama ni wa ndizi tamu kuliko zote. Ndiyo maana hapa naanza kupanga miche kwa ubora, ndizi zenyewe zitafuata.

Kabla ya hapo, onyo dogo kwa wanaosoma mtandaoni. Ushauri mwingi wa kule umeandikwa na watu wa nchi za baridi: funga shina kwa majani makavu, ng'oa tunguu ulihifadhi ndani hadi barafu ipite. Kwao ni sawa kabisa. Wengi wanapanda Musa basjoo, mgomba wa mapambo ambao tunguu lake huvumilia baridi kali likifunikwa vizuri, na ndizi zake haziliki. Mgomba wa kula husimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, na Dar usiku wa Julai bado tuko kwenye 18 au 19. Sisi tunachouvusha mgomba ni kiangazi: jua la Januari na Februari, halafu miezi ya Juni hadi Septemba mvua zikiwa zimekata na upepo wa kusi unachana majani. Kila mche hapa chini nimeupima kwa kipimo hicho: utavuka hapo kwa maji uliyonayo?

Wa kwanza: chipukizi la upanga, ukiwa umemwona mama yake

Hili ni chipukizi la nusu mita hadi mita moja, majani membamba yaliyosimama, kitako kinene kinachopungua kuelekea juu. Limeota chini kabisa ubavuni mwa mama na tunguu lake limejaa akiba, kwa hiyo ukisahau kulimwagilia siku mbili halifi. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, hiyo sifa moja inalipa kila kitu. Bei yake ni ya chini, na wenye migomba Goba, Kimara au Chanika mara nyingi wanakupa bure ukiwasaidia kupunguza shina lililosongamana.

Tatizo ni kwamba linakuja na maradhi ya kwao. Kwa hiyo usiletewe. Nenda mwenyewe ukamwone mama. Mzuri zaidi ni aliyebeba mkungu, maana hapo aina haina ubishi, unaiona inaning'inia. Kisha tazama majani ya chini. Yakiwa yamegeuka manjano kuanzia pembeni, yamevunjika kwenye vikonyo na kulizunguka shina, huenda ni ugonjwa wa Panama. Mwombe mwenye shamba, kwa adabu, akukatie kipande cha shina lililokwisha kuvunwa: "Shikamoo mzee, naomba nione ndani kidogo." Weupe mtupu, endelea. Nyuzi za kahawia nyekundu, shukuru uondoke, wala usichukue chipukizi lolote pale, hata la mgomba wa pili unaoonekana mzima. Ugonjwa huo unakaa ardhini miaka mingi na hauna dawa.

Likishatoka ardhini, kazi ni ya kisu. Kata mizizi yote, halafu menya ngozi ya tunguu kama unavyomenya muhogo hadi ubaki weupe. Kabla ya kuitupa mizizi, chana mmoja kwa ukucha: mabaka ya zambarau iliyokolea au meusi ndani yake ni minyoo ya mizizi. Kwenye tunguu, doa la kahawia lifuate kwa ncha ya kisu. Ama litaisha, ukate uendelee, ama litageuka tundu linaloingia ndani lenye ungaunga wa mabaki. Hiyo ni njia ya kiwavi wa fukusi. Matundu mawili matatu ya juu juu yanamenyeka. Tunguu lililotobolewa hadi katikati halifai. Litupe mbali, usilifukie kwenye mboji yako.

Lililobaki safi, lizamishe kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 30. Sufuria ya pilau inatosha kwa chipukizi moja moja. Hesabu kwa sauti, usikadirie, maana ukizidisha unalipika. Njia ya zamani ilikuwa maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20, ambayo inataka kipimajoto na mtu wa kukaa anachezea moto. Hii ya sekunde 30, iliyoenezwa na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, inafanyika uani kwa jiko la mkaa. Ukilitoa, lianike kivulini, kisha lipande ndani ya siku chache.

Wa pili: mche wa tishu

Huu huzalishwa maabara kutoka kwenye kipande kidogo cha kiini cha chipukizi la mgomba, ukakulia kwenye chupa, halafu ukahamishiwa kitaluni. Hauna fukusi, hauna minyoo. Dar tuna kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mikocheni kinachoshughulika na bioteknolojia ya mimea, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, iko Morogoro tu hapo. Ukienda Nane Nane ya Morogoro mwezi Agosti, pita kwenye mabanda ya watafiti na vitalu uulizie. Hata usiponunua siku hiyo utajua nani anazalisha kweli na nani anauza tena cha mwenzake.

Kwa nini basi nimeuweka wa pili? Maji. Mche wa tishu hauna tunguu la akiba. Miezi mitatu minne ya mwanzo unategemea ndoo yako tu, na jua la Februari haliusamehei. Mizizi yake laini pia huwa chakula rahisi kama ardhi yako tayari ina minyoo, kwa hiyo usiupande pale pale mgomba wa zamani ulipofia. Wenye kisima cha maji yasiyo na chumvi au maji ya DAWASA yasiyokatika wanaweza kugeuza mpangilio wangu: kwao tishu ni ya kwanza, hasa kwa aina ya Kimalindi.

Unaponunua, usikubali kile kitoto cha kwenye trei chenye urefu wa kidole. Kinachofaa kina urefu wa sentimita 30 hivi, majani matano au sita, kimeshazoea jua kitaluni, na kipo kwenye kiriba ambacho ukikifinya udongo unashikana kwa mizizi. Majani yenye mistari ya ajabu, au mche mmoja uliodumaa na kufungana majani kati ya wenzake, uache. Maabara wakati mwingine hutoa mche uliobadilika tabia, na huo utaulea mwaka mzima usione mkungu wa maana. Bei ya tishu ni mara kadhaa ya chipukizi. Kwa miche miwili ya nyumbani haiumizi.

Wa tatu na wa nne

Chipukizi kubwa lililopita mita moja, lenye majani mapana tayari, ni zuri kwa mwenye haraka kidogo, ila ni zito. Bodaboda atakuzungusha bei, na ukifika lazima ukate shina libaki fupi, la sivyo majani yatalikausha. Vipande vya tunguu la mgomba uliovunwa vinaota, lakini vinachukua muda, na kwa anayetaka shina moja uani sioni sababu.

Wa mwisho: chipukizi la maji

Hili ndilo zuri kuliko yote kwa macho, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Ni fupi, limefungua majani mapana ya kijani, linapendeza kwenye kiriba kando ya barabara. Lishike kitako: ni chembamba sawa na juu. Limeota juu juu kwenye tunguu lililochoka na halina akiba yoyote. Litakua, ndiyo, na mkungu wake utakuwa wa kukusikitisha.

Simlaumu kila muuza maua. Wapo wazuri, hasa wenye kitalu chao nyuma. Lakini muulize mama yake yuko wapi. Jibu la "Mzuzu hii bosi, Mzuzu kabisa, chukua mbili nikupunguzie" si jibu. Dalili moja inayosaidia: majani machanga ya ukoo wa Cavendish, yaani Kimalindi na Mtwike, mara nyingi yana madoa ya zambarau au wekundu uliokolea. Ukiambiwa ni Mzuzu huku jani limejaa madoa hayo, uliza tena.

Na yale ya kuletewa kwa basi kutoka Bukoba, bibi kakufungia kwenye kiroba? Mpigie umshukuru, umwambie safari ijayo atume senene. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera mwaka 2006, na chipukizi linaweza kuubeba bila kuonyesha dalili yoyote.

Sasa ndizi gani

Kwa ua la kawaida la Dar, lenye ukuta, tangi na gari, naweka Kimalindi mbele. Ni fupi, upepo hauiangushi ovyo, mkungu unaufikia bila ngazi, na ukiihudumia unavuna ndani ya mwaka mmoja. Inakula sana na kunywa sana, na Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa ukungu wa majani, huikausha majani masika yakiwa mazito. Anayechoshwa na Sigatoka aulizie aina za FHIA-17 au FHIA-23, zilizozalishwa Honduras. Zinastahimili ugonjwa huo, ila migomba yake ni mirefu na mikungu ni mizito mno, lazima uwe na nguzo ya kuegemeza.

Ya pili ni Bokoboko, na najua wengine wataguna. Haina jina kubwa sokoni, lakini kwa kiwanja cha mchanga na mtu asiye na muda haina mpinzani. Inavumilia ukame kuliko zote nilizotaja, ikiwa mbichi unaipika kwa nazi, ikiiva unaikaanga. Udhaifu wake ni Panama, kwa hiyo ule ukaguzi wa shina usiuruke.

Kisukari ni ya tatu. Utamu wake hauna mjadala na watoto wanaimaliza kabla haijafika mezani, lakini Panama inaipenda zaidi, na shina lake ni refu jembamba. Ipande kona iliyokingwa na kusi.

Mzuzu naiweka ya nne, na Mkono wa Tembo pembeni yake. Roho inauma kidogo kuandika hivyo, maana futari bila Mzuzu ina pengo. Lakini uvunaji wa kwanza ndio mzuri. Baada ya hapo tunguu linapanda juu ya ardhi, fukusi wanajaa, mikungu inapungua. Ukiipanda, hesabu kwamba utapanda upya baada ya mavuno mawili hivi. Weka na mitego: kata kipande cha shina lililovunwa, kipasue katikati, kilaze upande uliokatwa ukitazama chini kando ya mgomba. Asubuhi kigeuze, utawakuta fukusi weusi wamejificha chini yake.

Ndizi Bukoba na Mshare usinunue. Zimezoea nyanda za juu, na joto letu na kiangazi chetu vinazichosha. Za mchemsho na mtori zifuate sokoni Mabibo.

Kabla hujatoa pesa

Onja maji ya kisima chako. Msasani, Mbezi Beach, sehemu za Kigamboni, visima vingi vina chumvi, na mgomba unaonyesha hilo haraka: kingo za majani zinaungua, kisha ukuaji unasimama. Maji yakiwa na ladha ya chumvi, mche mzuri hautakuokoa. Panga kwanza tangi la kuvunia maji ya mvua, au peleka maji ya jikoni yasiyo na sabuni kali kwenye shimo.

Nunua Machi, masika inapoanza. Bei hupanda kidogo kwa sababu kila mtu anatafuta, lakini mizizi inapata miezi mitatu ya mvua kabla ya kiangazi. Miche ya Oktoba inategemea vuli, ambayo miaka mingine haiji vizuri, na mara inakutana na Januari. Shimo lichimbwe mapema, sentimita 60 kila upande, na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Mvua zikikata, mgomba uliokomaa unataka ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku moja, juu ya matandazo mazito ya majani yake wenyewe.

Kama una nafasi ya mashina matatu, yaachie mita tatu kati yake, na usinunue miche inayolingana. Chukua mmoja mkubwa, mmoja wa kati, na mdogo wa tishu. Ikilingana itatoa maua kwa pamoja, na mikungu mitatu ya Kimalindi ikiiva wiki moja, utawagawia majirani hadi wafunge geti.