Eti bado ni bila kikomo: yaliyonikuta na bando langu

Jamani naombeni niongee maana nikinyamaza nitapasuka. Mtandao siutaji, ila mimi ni mteja wao wa miaka na miaka, tangu enzi za simu za vitufe, na lile bando la mwezi la bila kikomo nililikimbilia siku walipolileta. Sikuwahi kulalamika. Nilikuwa nawasifia hadi watu wananiuliza kama nalipwa kamisheni.

Sasa juzi kati hapa ikaingia meseji. "Mpendwa mteja", na kampuni ya simu ikishakuita mpendwa ujue umeliwa, "kifurushi chako kimeboreshwa". Kuboreshwa! Unasoma weee, unafika chini unakuta la zamani limefutwa, umeshahamishiwa jipya, na jipya ni bila kikomo vilevile isipokuwa ukitumia GB kadhaa spidi "itarekebishwa", vigezo na masharti kuzingatiwa. Hakuna aliyeniuliza. Hela ni ileile.

Mwezi haujafika hata katikati, spidi ikarekebishwa. Nilikuwa naongea na mama kwa video, mama akaganda. Mdomo wazi, kikombe kakiinua nusu njia, sauti inakuja vipande vipande, "una... siki... we mtoto", mimi nakimbilia dirishani, natoka nje, nazima data nawasha data, nikirudi mama yupo palepale na kikombe chake hewani. Baadaye akanipigia simu ya kawaida akanigombeza kwamba nimemkatia makusudi kwa vile alishaanza kuulizia ile habari ya ndoa. Mpaka leo haamini kama ulikuwa mtandao.

Nikapiga kastama kea. Kusubiri sisimulii, ule muziki wao mnaujua. Akapokea kijana, sauti nzuri tu, nikamweleza yote kwa utulivu (nilikuwa bado nina utulivu), akaniambia, "Dada yangu, bando lako bado ni bila kikomo, data haikatiki, kilichopungua ni spidi tu." Nikamuuliza sasa kama picha moja inafunguka kwa dakika tatu hiyo data isiyokatika nifanyie nini, niiangalie? Kimya. Namsikia anabonyezabonyeza huko. Halafu kwa upole kabisa, kama daktari, akanitupia hili:

"Samahani dada, kwani huwa unadaunlodi nini hasa usiku?"

Usiku. Nini hasa.

Nyie, niliwaka. Mimi ni mtu mzima, nimelipia kitu mmekiita wenyewe bila kikomo, halafu nahojiwa kama nimekamatwa na magendo? Hata ningekuwa nashusha intaneti yote naihifadhi kwenye ndoo chini ya kitanda, kinachomuuma ni nini? Nikamwambia niitie bosi wako. Akasema bosi yuko kwenye kikao. Saa tatu usiku, kikao.

Nilivyozidi kumbana akaja na ile ya siku zote, kwamba kuna wateja wachache wanakula data nyingi wanawachelewesha wenzao. Haya, nusu nakubali. Mnara mmoja mnagawana wengi, mkijazana kila mtu spidi inashuka, hilo halina ubishi. Ila usiku uleule nikaamka saa nane kwa hasira tu nikapima spidi, watu wote wamelala, inasoma 128 kbps, yaani kilobiti 128 kwa sekunde. Saa kumi nikapima tena, 128. Huo siyo msongamano, hiyo ni koki kuna mtu kaifunga kwa mkono. Na 128 ukiigawa kwa nane, maana biti nane ndiyo baiti moja, ni kilobaiti 16 kwa sekunde, yaani GB moja inakula kama saa 17, apdeti ya simu ikiwa na GB 3 ni siku mbili na ushee na simu usiiguse.

Usingizi ukakata, nikaanza kusoma kama haya yamewakuta wengine, ukurasa mmoja unafunguka huku nimeshamaliza kuosha vyombo. Kumbe mchezo wa zamani huu! Marekani AT&T waliacha kuwauzia wateja wapya bando la bila kikomo mwaka 2010, Verizon, kampuni nyingine ya simu hukohuko, wakafuata 2011, wateja wa zamani wakaachiwa lao, ila wale wa AT&T wakaanza kubanwa spidi. Mwaka 2014 tume ya serikali inayolinda walaji, FTC, ikawapeleka AT&T mahakamani, ikasema waliobanwa ni zaidi ya milioni 3.5 na hawakuelezwa inavyotakiwa, wengine wamevuka GB 2 tu, na walikuwa wanabanwa mtandao uwe umejaa au haujajaa. Hapo niliruka kitandani, si ndiyo mimi huyu na saa nane yangu! Mwaka 2019 wakakubali kutoa dola milioni 60 yaishe. Verizon nao 2017 wakalirudisha bando, ila wakati ule ukivuka GB 22 uliweza kuwekwa nyuma ya wenzako mnara ukizidiwa. Hiyo angalau naielewa, foleni ni foleni. Ya kwangu mimi foleni hakuna na bado nimesimamishwa mlangoni.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Ila haki isemwe, simu zao za kawaida hazikatiki hata nikiwa kwenye lifti, na hiyo miaka yote ya nyuma walinihudumia vizuri, nikasema basi niwape tatu. Kuhama nimefikiria, nikachungulia kwa majirani zao, nao wanauza "bila kikomo" yenye kakinyota pembeni, ukikafuata kale kakinyota unateremka hadi chini kabisa kwenye maandishi kama miguu ya sisimizi, GB kadhaa, spidi itarekebishwa. Kwa hiyo bado nipo, niiteni mjinga. Na wala sigombani na kikomo, niuzieni GB 50 andikeni GB 50, nitanunua na ikiisha nitajilaumu mwenyewe. Ila msiniandikie bila kikomo halafu mnipangie.

Tatu basi. Au mbili... Nikilikumbuka lile swali lakini, "nini hasa usiku", hapana. Moja. Na hiyo moja ni kwa vile haikubali sifuri.

Na wewe kijana kama unasoma hapa, nilikuwa naongea na mama yangu mzazi. Ndiye huyo niliyekuwa namdaunlodi.