Fedha kuukuu za Mji Mkongwe: chapa usiitegemee peke yake, beba mizani

Maduka ya vitu vya kale ya Gizenga na Hurumzi, masonara, na watu wanaouza majumbani Unguja na Pemba: huko ndiko zinakopatikana fedha kuukuu visiwani, na hii ni tathmini yangu ya kununua kote huko. Mali nzuri ipo. Kekee nene za kazi ya Oman, mikufu ya hirizi, vijaluba vya tambuu, mirashi, pete za kiume za akiki, vyote bado unaviona, na bei haiumizi ukijua ulichokishika. Shida ni kwamba ubavuni mwa kekee ya fedha huwekwa nyingine ya alpaka, madini meupe yasiyo na fedha, iliyong'arishwa vizuri zaidi, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui ipi ni ipi.

Anza na neno lenyewe. Kijana wa dukani akisema "silva" huwa anataja rangi: hereni za silva, mkoba wa silva, gari la silva. Ukimuuliza "Hii silva?" akakujibu "Silva, ami", hajakudanganya. Uliza hivi: "Utaniandikia kwenye risiti kuwa ni fedha, na gramu zake?" Jibu likianza kuzunguka, mara "fedha ya zamani hiyo", mara "fedha ya Kijerumani", basi umeshapata jibu. Fedha ya Kijerumani ndiyo hiyo hiyo alpaka, mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, na fedha ndani yake hamna hata chembe. Juu ya hasara ya pesa, nikeli huwasha ngozi ya watu wengi. Kipini au hereni za alpaka zitakutoa vipele kabla hujajua umepigwa.

Chapa ya 925 maana yake sehemu 925 za fedha katika 1,000, zilizobaki kwa kawaida shaba nyekundu. Kwingine chapa hiyo ni nusu ya kazi. Kwetu inapotosha kwa pande zote mbili. Vito vingi vya kale vya Oman na vya pwani havina chapa yoyote, kwa sababu sonara aliyeyusha reale, sarafu kubwa za fedha, akafua. Reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia na zaidi baadaye, ina gramu 28.07 na fedha yake ni 833 katika 1,000. Ukishikilia chapa ya 925 kwenye mtali wa bibi wa mtu, utaacha fedha halisi uchukue kitu cha kiwandani. Na upande wa pili, patasi ndogo ya kugongea 925 ni kipande cha chuma tu, yeyote anaweza kuwa nayo.

Kwa hiyo soma chapa kwa lenzi inayokuza mara 10, wala usiisome mahali pamoja. Mkufu uangalie kwenye ndoana, kisha kwenye pete ndogo inayoshika ndoana, kisha pingili za mwisho. Ndoana ya fedha yenye 925 kutiwa kwenye mkufu wa shaba ni mchezo wa kila siku: ndoana hubadilishwa ikivunjika, na mwenye kubadilisha hakuahidi kitu kuhusu mkufu. Vyombo vya enzi ya Mwingereza vina alama zaidi ya moja. Simba anayetembea ni fedha ya 925 ya Uingereza, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukikuta herufi EPNS, hata zikitiwa ndani ya vijisanduku vinavyofanana na alama hizo, ni alpaka iliyopakwa fedha. Mirashi na vyetezo vingi vya madukani viko kundi hili. Ni vizuri kwa kupambia sebule, lakini visilipiwe bei ya fedha.

Kipimo ninachokitegemea ni maji. Unahitaji mizani ya mfukoni inayosoma 0.01 ya gramu na kubeba hadi gramu 200, jiwe lake la gramu 100 la kuihakikisha, kikombe chepesi cha plastiki, na uzi mwembamba wa kushonea. Vyote vinaingia kwenye mkoba. Muombe mwenye duka kwa adabu, "Ami, naomba maji kidogo nipime," na azime pangaboi, kwani upepo wake unatosha kuyumbisha namba ya mwisho.

Pima kito kikavu kwanza, uandike. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, maji yatoshe kukizamisha chote, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga kito kwa uzi, kishushe taratibu mpaka kizame, kisiguse chini wala ubavuni. Mkono ndio unabeba uzito. Mizani inasoma maji yaliyosukumwa tu. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Bangili ya gramu 42.60 kavu, ndani ya maji ikasoma 4.11: 42.60 kwa 4.11 ni 10.36. Hiyo ni fedha. Bangili ya umbo lile lile ikasoma 4.95, jibu ni 8.6, na hapo unazungumza na alpaka au shaba, hata chapa yake ikiwaje.

Namba za kuweka kichwani: fedha tupu 10.49, ya 925 ni 10.36, ya 833 ni 10.2, ya 800 ni 10.1. Shaba nyekundu 8.96, alpaka na shaba ya manjano zinacheza kati ya 8.4 na 8.9. Chuma cha pua karibu 7.9. Utaona kuwa fedha na isiyokuwa fedha zinaachana mbali, ila 925 na 800 zimekaribiana mno. Maji yatakuambia ni fedha au siyo. Daraja lake usiyaulize.

Kipimo hiki hukosewa kwa sababu nne, na ya kwanza ni mapovu. Mkufu wa pingili ndogo hubeba hewa, kito kikaonekana chepesi kuliko kilivyo, ukaikataa fedha nzuri. Tia tone la sabuni ya vyombo kwenye maji na mkufu uutikise ndani ya maji kabla ya kusoma. Ya pili ni udogo. Pete ya gramu 4 inasukuma maji kiasi cha gramu 0.39; ukikosea 0.02 tu, jibu linaruka kutoka 9.8 hadi 10.8. Chini ya gramu 10 pima mara tatu uchukue ya katikati. Ya tatu ni mawe: kito chenye akiki, marjani au kioo hakipimiki hivi, kwa sababu jiwe ni jepesi kuliko fedha. Na marjani usiyazamishe kwenye maji ya sabuni.

Ya nne ndiyo inayowaumiza watu zaidi, nayo ni mafurungu. Furungu nene la mguuni mara nyingi ni tupu ndani, na ndani mna changarawe za kulia mtu anapotembea. Mengine yamejazwa lakiri au nta ili yasibonyee. Maji hayakusaidii hapo, na uzani wake si uzani wa fedha. Gonga kwa ukucha: lililojazwa hutoa sauti ya kufa. Mimi silinunui kwa gramu kabisa. Nalinunua kama kazi ya mkono, kwa bei ya jozi, na jozi likiwa limepotelewa na mwenzake thamani huanguka sana.

Sumaku ibebe, ila usiipe heshima isiyo yake. Ikinasa, kito ni chuma. Isiponasa bado hujajua kitu, kwani shaba na alpaka nazo hazinasi. Na ndoana za duara zina springi ya chuma ndani; sumaku ikiruka pale tu, usitupe mkufu.

Tindikali waachie masonara. Kito husuguliwa kwenye jiwe jeusi, mstari ukadondoshewa dawa ya kupimia fedha: nyekundu kama damu ni fedha ya juu, ikielekea kahawia ni karibu na 800, kijani ni ya chini kabisa. Kosa la kawaida ni kusugua ngozi ya juu tu. Kitu kilichopakwa fedha nene kitapita mtihani huo. Sonara akwaruze kidogo kwa tupa ndogo mahali pasipoonekana, ndipo asugue. Muuzaji akikataa mkwaruzo kwenye kitu cha bei kubwa, na maji hayapimiki kwa sababu ya mawe, mimi nakiacha.

Kabla ya kufika huko, macho yanafanya kazi kubwa. Upako hulika kwanza pale panapogusa: upande wa ndani wa pete chini ya kiganja, kingo za bangili, mgongo wa ndoana. Njano ikichungulia ni shaba ya manjano, wekundu ni shaba nyekundu. Tahadhari moja: pete mpya-mpya za 925 huwa zimepakwa rodiamu ili zisiingie weusi, na rodiamu ikilika unaona rangi mbili, nyeupe kali na nyeupe iliyopoa. Hiyo ni fedha, usimgombeze muuzaji.

Angalia sana viungo. Bawaba ya kekee ina pini. Ikicheza, tundu lake limeshalika na sonara atalazimika kulijaza upya. Mkufu ushike ncha mbili uutazame dhidi ya mwanga, pingili zilizovutika huonekana ndefu kuliko wenzake, na hapo ndipo utakatika. Kibaya kuliko vyote ni lihamu ya risasi. Utaiona kama donge la kijivu, laini, lisilong'aa, linakwaruzika kwa ukucha wa kidole gumba au kwa pini. Hiyo imetiwa na fundi wa redio, si sonara. Ukimpelekea sonara akakipasha moto bila kuitoa yote, risasi huila fedha na kuacha vishimo, na kito kimekwisha. Kwa kasoro hiyo ninashusha bei vya kutosha, au naondoka.

Reale zilizotiwa kitanzi na kuning'inizwa kwenye kidani zina njia yake. Upana milimita 40 hivi, na ukingoni pana maandishi na nakshi zilizoinuka. Ukingo mtupu, au wenye mistari kama wa sarafu ya kawaida, ni ya bandia. Rupia ya India ya Victoria, Edward VII au George V ni gramu 11.66, fedha 917. Uzito huo ndio tola moja, na bado utasikia mtu akikutajia bei kwa tola.

Pete za akiki ndizo zinazotembea zaidi, maana wanaume wengi hapa hawavai dhahabu. Jaribu ncha ya kisu cha chuma pembeni mwa jiwe, kwa ruhusa: kioo kinaweza kukwaruzika, akiki haikubali. Tazama pia kama kichwa cha pete na duara lake vina rangi moja ya fedha. Duara la 925 na kichwa cha alpaka vilivyounganishwa si ajabu.

Bei. Wakia, ile ambayo bei ya fedha hutajwa kwayo kwenye simu, ni gramu 31.1. Gawanya bei yake kwa 31.1 upate bei ya gramu, zidisha kwa daraja, yaani 0.925 kwa fedha ya 925. Tuseme gramu ya fedha tupu ni shilingi 3,000, kwa mfano wa hesabu tu: bangili yetu ya 42.60 ya 925 ina fedha ya shilingi 118,215. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake unalipia ufundi na umri wa kitu. Fedha isiyo na chapa ihesabu kwa 0.8 mpaka sonara akuambie vinginevyo. Maduka ya Gizenga yana bei ya mgeni, nayo haina uhusiano na gramu. Ukitoa mizani mezani mazungumzo hubadilika, wengine hununa, wengine hukuletea sanduku la nyuma. Kwa masonara bei hukaa karibu na uzani, ila vitu vizuri vya kale huko ni vichache kwa sababu huyeyushwa.

Ukitaka kumpa sonara fedha kuukuu akupe mpya, usifanye mabadilishano yenye nyongeza. Fedha kwa fedha ni uzani sawa na mkono kwa mkono, vinginevyo ni riba. Muuzie ya kwako, shika pesa, kisha nunua yake. Kwa njia hiyo pia unaiona bei anayokulipa kwa gramu, ambayo wengi huificha ndani ya "ongeza kidogo tu".

Kwa wanaouza nyumbani, Pemba hasa, mali ndiyo bora na hatari ni nyingine: urithi usiogawiwa, au kitu cha wizi. Omba kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, andikeni karatasi ya mauziano yenye picha ya kito, gramu, bei na tarehe, wapo mashahidi wawili. Kito kikubwa, mpitieni sheha, kiongozi wa mtaa. Anayeharakisha na hataki jina lake liandikwe, mwache na bangili yake.

Za kwenye simu: omba video ya kito kikiwa juu ya mizani kikavu, kisha kikining'inia ndani ya maji bila kukata video. Mwenye fedha ya kweli hachukui dakika tano kuifanya. Pesa usitume kabla. Mzigo uje na boti, apokee mtu wako, apime, ndipo ulipe.

Ukifika nacho nyumbani, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa mswaki wa mtoto. Hereni na vipini vifute kwa spiriti kabla ya kuvaa. Njia ya karatasi ya alumini, magadi ya kuokea na maji ya moto huondoa weusi kwa dakika chache, lakini huondoa pia ule weusi wa ndani ya nakshi unaofanya kazi ya Oman isomeke, na ukishauondoa kitu kinaonekana cha jana. Dawa ya meno inakwaruza. Hifadhi kwenye kifuko cha plastiki kisichopitisha hewa, kila kito na chake, na usifunge kwa mpira wa kufungia noti: salfa iliyo ndani ya mpira huchora mstari mweusi ambao sabuni haiutoi.