Saluni ya kucha Sinza kwa sisi tunaotekenyeka nyayo

Kama we ni mtu wa kutekenyeka na miaka yote umekimbia pedikyua kwa sababu hiyo, jamani ipo saluni ndogo Sinza, ile ya chumba kimoja yenye viti viwili vya bluu, nyota tano nawapa bila kusita. Sehemu nyingi wanakushika mguu kwa ncha za vidole kama wanaogopa kukuumiza, na mguso mwepesi hivyo ndo unatekenya balaa. Kaka wa hapa anakamata kisigino kwa kiganja kizima, anakwambia weka mkono wako juu ya wangu, ndo anaanza kusugua magaga na jiwe. Hata madaktari hufanya hivyo wakitaka kubonyeza tumbo la mtu anayechekacheka, maana ubongo ukishajua mkono unaelekea wapi haushtuki, na ndo maana hakuna anayeweza kujitekenya mwenyewe akacheka.

Tulienda vizazi vitatu. Binti yangu wa miaka 9 alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, mimi nilivuta vuta mguu mwanzoni nikatulia, mama ambaye kavuka 70 hata hakuacha kusoma meseji zake. Kaka akasema wateja wake wazee wengi wako hivyo, na ni kweli, vile vipokezi vya mguso mwepesi chini ya ngozi vinapungua umri ukienda, na ngozi ya unyayo nayo inakuwa ngumu. Ila siyo wote, wapo mabibi ukiwagusa tu mbavu wanaruka.

Kilichonifanya nije kuandika hapa ni kwamba hakuishia kusema ni uzee. Akamshika vidole kimoja kimoja, "mama, hapa unasikia?" mama akajibu kwa mbali sana, miguu yote miwili. Basi akaweka wembe pembeni, akaongeza maji ya baridi kwenye beseni akayapima na kiwiko chake mwenyewe, akafanya kazi na jiwe tu taratibu, halafu akatushauri kwa heshima mama akapime sukari, maana kisukari kinaua mishipa ya fahamu ya miguu kuanzia vidoleni na mtu anaweza kukatwa au kuungua asijue kabisa. Ni wangapi wangejali hivyo kwa elfu kumi na tano?

Wanafungua saa tatu. Jumamosi foleni ni ndefu, nenda katikati ya wiki, na kama unampeleka mzee waambie mapema wakupe kiti cha dirishani, kile kingine ni kirefu kupanda.