TAHADHARI: Vipimo vya siku za hatari vinavyouzwa bila pakiti hapa Mbeya

Dada zangu mnaotafuta mtoto, kuanzia Mbeya mjini, Tukuyu, Tunduma hadi Makambako: kuna mama anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anauza vipimo vya kujua yai linapevuka lini, na mzigo anatuma kwa bodaboda au basi. Msimtumie hela.

Anachouza ni vijiti vilivyotolewa kwenye pakiti na kutiwa kwenye kifuko cha nailoni, bila maelekezo wala tarehe ya kuisha muda. Wifi yangu alivinunua. Kila akipima, mstari mmoja. Alipouliza akaambiwa, "Yai lako halipevuki, kizazi kichafu," na hapohapo akauziwa dawa ya kusafisha kizazi ya elfu themanini. Amelia sana, na imeniuma. Nilipovikagua, vingi vimekatwa juu, ila viwili vimebaki na maandishi: HCG. Mfamasia mmoja Mwanjelwa akathibitisha kuwa ni vipimo vya mimba.

Utapeli wenyewe uko hapo. Kipimo cha mimba kinatafuta homoni ya hCG. Kama huna mimba, kitakupa mstari mmoja mwezi mzima hata kama mayai yako yanapevuka vizuri kabisa. Yeye anajua jibu litakuwa hilo, na dawa kaishaiandaa.

Kipimo chenyewe cha kupevuka kwa yai kimeandikwa LH, na kila kijiti kiko kwenye pakiti yake iliyofungwa, kwa sababu unyevu unakiharibu. Homoni ya LH hupanda ghafla, kisha yai hutoka kama saa 24 hadi 36 baadaye. Yai likishatoka halimalizi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kuishi hadi siku 5, kwa hiyo msisubiri: kutaneni siku ileile mliyopata jibu na inayofuata. Na hakisomwi kama cha mimba! Mstari hafifu hapa maana yake bado. Lazima ukolee sawa na ule wa pembeni au kuuzidi. Mwenye mzunguko wa siku 28 aanze kupima siku ya 11 hivi tangu hedhi ianze, kila siku saa ileile, na asinywe maji mengi kabla, mkojo usije ukazimuliwa.

Hata kipimo halali kikikataa mwezi mmoja, hakuna mtu wa kukuambia kwa simu kwamba kizazi chako ni kichafu. Mkitafuta mwaka mzima bila mafanikio, au miezi 6 kama umevuka miaka 35, nendeni hospitali wewe na mume wako. Hospitali ya Meta hapa Mbeya wapo madaktari wa wanawake.

Mlioshauziwa, dawa hiyo acheni kunywa. Pelekeni vijiti na chupa ofisi ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kanda yetu, iko hapahapa Mbeya, na meseji za malipo pamoja na mazungumzo yenu naye msizifute.